Kujiangusha kunalipa, ndo maana hakuishi

Banda umiza moja pale Tandika, kiingilio jero, feni moja linazunguka kwa shida, na dakika ya 83 winga mmoja wa Ulaya (simtaji, mashabiki wake ni majirani zangu) anaingia boksi, beki ananyoosha mguu, anaurudisha, jamaa anapiga hatua mbili kamili ndo anakumbuka kuanguka. Na alivyoanguka sasa, mikono juu, kifua mbele, kichwa nyuma, utadhani kapigwa radi. Refa akapuliza, penati.

Kijana aliyekaa mbele yangu mkeka wake wa kubeti ulikuwa umebakiza bao moja tu, akasimama juu ya benchi, "Kaguswa! Kaguswa huyo!" Mzee mmoja kule nyuma akamjibu taratibu, "Kaguswa na nani mwanangu, na upepo wa hilo feni?" Banda zima likacheka. Halafu yakaja marudio, na kweli mguu wa beki ulikuwa umepita kwenye soksi ya winga, kidoogo, na hapo ndo ugomvi ukaanza upya, maana wale wa "kaguswa" waliona wameshinda kesi na wale wengine wakasema hata kama kaguswa ndo aanguke hivyo, na mpaka tunatoka nje kununua mihogo ya kukaanga bado watu walikuwa wanashikana mashati kwa maneno.

Mi naona tunabishana kila wiki kwa sababu tumetia vitu vitatu kwenye sufuria moja. Kuna faulo, kuna mguso, na kuna uongo. Na katikati ya mguso na uongo kuna eneo moja la matope ambako marefa wengi wanazama.

Tuanze na mguso. Sheria ya 12 ya soka, ile ya faulo na utovu wa nidhamu, haisemi kwamba kila mguso ni faulo, mpira ni mchezo wa kugusana, ukitaka usiguswe kacheze bao. Kwenye kukwatua, kusukuma, kurukia na mambo kama hayo refa anatakiwa ajiulize yule mchezaji kafanya kizembe, au kafanya bila kujali atamuumiza mwenzake, au katumia nguvu za kupitiliza. Ya kwanza ni faulo tu, ya pili ni kadi ya njano, ya tatu nyekundu. Kwa hiyo "kaguswa" peke yake haijibu swali lolote, hata mi nikipita Kariakoo saa 11 jioni naguswa na watu mia mbili na sianguki.

Uongo nao una kifungu chake. Mchezaji akijaribu kumdanganya refa kwa kujifanya kachezewa faulo au kujifanya kaumia, ni kadi ya njano, na hii ya kujiangusha iliandikwa waziwazi kwenye sheria tangu mwaka 1999. Yaani sio kwamba wakubwa wa mpira hawajui, wanajua na sheria ipo. Shida iko kwenye bei.

Hebu tupige hesabu kama ya genge la nyanya, haina makubwa. Penati kwa kawaida zinaingia kama 3 katika kila 4. Shuti la kawaida kwenye mchezo, ukichanganya yote mazuri na mabaya, linaingia kama 1 katika kila 10. Sasa wewe ni straika, uko ndani ya boksi, kona mbaya, beki kakubana, ukiendelea na mpira una nafasi moja ya kumi. Ukianguka, tuseme tu kwa mfano refa anadanganyika mara moja katika kila tatu, hiyo theluthi ukiizidisha kwa robo tatu unapata robo. Robo bao dhidi ya moja ya kumi! Ni zaidi ya mara mbili. Na gharama yake ni nini, kadi ya njano ambayo mara nyingi hata haitoki, refa anapeperusha mkono tu "amka amka twende". Kwa hesabu hiyo kocha anayemwambia straika wake asijiangushe anamwomba atoe sadaka.

Na si kwamba natunga. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland kule Australia walikaa wakaangalia mechi 60 za ligi 6 za kulipwa, wakahesabu maanguko kama 2,800 moja baada ya jingine (hiyo kazi ningeipenda mimi), wakakuta kama asilimia 6 ni ya kujiangusha kweupe. Walijiangusha zaidi wakiwa karibu na goli la mpinzani na zaidi matokeo yakiwa sare, yaani pale pale ambapo faida ni kubwa. Na kati ya hao wote walioigiza hakuna hata mmoja aliyeadhibiwa. Hata mmoja! Na ligi ambazo marefa walidanganyika zaidi ndo hizohizo wachezaji walijiangusha zaidi. Mi hapo nikaacha kabisa kusema mambo ya "tabia" na "malezi" na "Walatini ndo zao", mtu anafanya kinacholipa pale alipo.

Angalia bodaboda wa hapa mjini. Faini ya kutovaa helmeti anaijua vizuri, lakini kaitundika kwenye kioo, anaivaa akikaribia mataa ambako anajua trafiki anasimama, akivuka anaivua. Sio kiwango cha faini kinachomvalisha, ni uhakika kwamba trafiki yupo. Kwenye mpira tumefanya kinyume, tumeandika adhabu kwenye kitabu halafu barabarani hamna mtu.

Kuna mashindano moja yanaonyesha fujo hii yote kwa wakati mmoja, Kombe la Dunia la 2002. Tarehe 3 Juni kule Ulsan, Korea Kusini, Brazil wanaongoza 2-1 dhidi ya Uturuki, mechi inaelekea mwisho, Rivaldo yuko kwenye kibendera cha kona anasubiri mpira apige. Hakan Ünsal akampigia mpira kwa hasira, ukamgonga Rivaldo maeneo ya mguuni, Rivaldo akaanguka kashika uso. USO. Ünsal akala njano ya pili akatoka. Baadaye FIFA wakamtoza Rivaldo faini ya zaidi ya faranga 11,000 za Uswisi, na kwisha. Hakukosa hata mechi moja, na mwisho wa mwezi alikuwa Yokohama ananyanyua kombe.

Siku 15 baada ya ile mechi, tarehe 18 Juni, Daejeon, Italia dhidi ya Korea Kusini, muda wa nyongeza, Francesco Totti anaanguka kwenye boksi, refa Byron Moreno wa Ecuador anaona kajiangusha, njano ya pili, nje. Italia wakafungwa bao la dhahabu na Ahn Jung-hwan wakarudi nyumbani. Mpaka leo Waitaliano wanaapa ile ilikuwa penati, wengine wanasema hapana ila hata kujiangusha haikuwa, alipoteza tu mwelekeo walipogongana. Mi nimeiangalia mara nyingi sana na nakubaliana na hawa wa mwisho, ila sitagombana na mtu.

Ziweke hizo mbili pembeni kwa pembeni. Aliyedanganya kweli kweli alilipa hela ya mfukoni, aliyeanguka labda bila nia mbaya aliua timu yake. Ukiwa refa umeziona zote mbili, unajifunza nini? Unajifunza kwamba kutoa kadi ya kujiangusha ni hatari kuliko kutokutoa. Ukipeta tu, mtu atalalamika wiki moja. Ukikosea kumtoa mtu kwa kujiangusha watakukumbuka miaka ishirini. Hapo ndo nadhani kuna siri ya kwanini ile njano haitoki, refa naye anapiga hesabu zake, sio yeye tu wa kulaumiwa.

Basi wakasema sawa, tusimtwishe refa mzigo huu, tuangalie video baada ya mechi. Inasikika vizuri. Agosti 2009 Eduardo wa Arsenal alipata penati dhidi ya Celtic kwenye mechi ya kufuzu Ligi ya Mabingwa, marudio yakaonyesha kipa hakumgusa, UEFA wakamfungia mechi 2, Arsenal wakakata rufaa, mwezi uliofuata adhabu ikafutwa. Maana kuthibitisha nia ya mtu kwa kuangalia picha ni kazi ya mahakama, unaweza kuona hakuguswa lakini je, alikuwa anakwepa kuvunjwa mguu? Mtu akiona kipa wa kilo 90 anamjia anaruka, na akiruka ataanguka, hiyo sio dhambi.

Waingereza wakarekebisha kidogo mwaka 2017. Wakaweka jopo la watu watatu, kila mmoja anaangalia video peke yake, wote watatu wakikubaliana kwamba refa kadanganywa na udanganyifu ukazaa penati au kadi nyekundu, mchezaji anafungiwa mechi 2. Wa kwanza kunaswa Ligi Kuu alikuwa Oumar Niasse wa Everton, Novemba mwaka huohuo, kwa penati aliyopata dhidi ya Crystal Palace. Mi huu mfumo naukubali kwa jambo moja, unaadhibu uongo uliofanikiwa, ambao ndo unaouma. Lakini ona kilichobaki: mechi iliisha 2-2, pointi Everton walibaki nayo, Palace hawakurudishiwa kitu. Adhabu inakwenda kwa mchezaji na faida inabaki kwa timu, na mechi zinazofuata timu inamchezesha mwingine. Kama ni fainali ndo kabisa, nani hatakubali kukosa mechi 2 za msimu ujao akiwa na medali shingoni?

Na kuna ile ya Arjen Robben 2014, Uholanzi dhidi ya Mexico kule Fortaleza, alipata penati dakika za mwisho kabisa, Huntelaar akafunga, Mexico nje, halafu Robben akatoka mbele ya kamera akaomba radhi kwamba kuna mahali kipindi cha kwanza alijiangusha kweli, ila ile ya penati ilikuwa halali. Mtu kakiri mwenyewe kwa mdomo wake na FIFA hawakumfanya kitu! Sijui unataka ushahidi gani zaidi.

Sasa tutoke kwenye soka kidogo maana wenzetu wa michezo mingine wamekimbia mbele. Kikapu cha Marekani, NBA, walihangaika na wachezaji wanaojirusha kila bega likiwapitia. Msimu wa 2012/13 wakaleta faini: mara ya kwanza onyo, ya pili dola 5,000, inapanda mpaka 30,000. Kwa wale jamaa wanaolipwa mamilioni dola 5,000 ni kama mimi na wewe kukatwa salio la vocha, na kujirusha hakukuisha. Msimu wa 2023/24 wakabadilisha kabisa kichwa cha adhabu: refa akiona umejirusha, papo hapo mpinzani anapewa mtupo huru mmoja. Pointi moja inaweza kuingia ubaoni kwa mpinzani, kocha wako anakuangalia, wenzako wanakuangalia, siku hiyohiyo. Faini ya dola 2,000 ipo pia lakini sio hiyo inayouma. Pale JMK Park, Kidongo Chekundu, ukicheza na vijana wanaofuatilia NBA utawasikia siku hizi wanaitaniana "mpe moja huyo, mpe moja", mtu akijirusha.

Halafu hoki ya barafu. Najua huku Dar barafu tunaiona kwenye juisi ya miwa tu, lakini nisikilize. Kwao mchezaji akikosea anatoka nje dakika 2 timu inacheza pungufu, na sheria yao inaruhusu refa kuwatoa WOTE wawili, aliyecheza rafu na aliyeichezea sinema rafu hiyo. Hapo ndo wametibu lile eneo la matope nililosema mwanzo. Kwenye soka refa anajikuta lazima achague, ama ni faulo ama ni uongo, wakati ukweli wa mechi nyingi ni kwamba vyote vipo, beki kavuta jezi kidogo kweli na straika kaongeza chumvi kilo mbili. Hoki wanasema sawa, wewe umevuta, wewe umeigiza, tokeni wote. Na akirudia rudia faini inamfuata mpaka kocha wake, kitu ambacho mi ningekileta hapa kesho asubuhi.

Sijagusa bado upande wa pili wa uongo huu, ule wa kulala chini. Huo wa boksi unatafuta penati, huu wa dakika za jioni unatafuta muda, na kwa mashabiki wa huku huu ndo unaoua zaidi, maana umelipa kiingilio chako, umetoka Mbagala kwa daladala mbili mpaka Mkapa, timu ngeni imepata kabao kake dakika ya 60 halafu nusu saa iliyobaki unaangalia machela.

Na ukitaka kujua ni nani anafundisha nini, angalia kwanini makipa wanalala sana. Sio kwamba makipa wana misuli mibovu. Sheria inasema mchezaji wa ndani akitibiwa uwanjani inabidi atoke nje kwanza, mchezo ukianza ndo arudi kwa ruhusa ya refa, timu yake inacheza pungufu hata kama kwa muda mfupi. Kipa amesamehewa, hatoki, na huwezi kucheza bila kipa. Kwa hiyo kocha akitaka kuvunja moto wa mpinzani au kuwapa maelekezo wachezaji wake, kipa anakaa chini, daktari anaingia, wachezaji 10 wote wanakimbilia benchi kunywa maji na kusikiliza mbinu. Ni taimu auti ya kienyeji. Sheria yenyewe imeacha mlango wazi, na mlango ukiwa wazi watu wataingia.

Kuna utafiti mwingine wa 2011 wa daktari mmoja wa Wake Forest kule Marekani, Daryl Rosenbaum, na wenzake, waliolinganisha mechi za kimataifa za wanaume na wanawake. Wanaume walilala chini kama wameumia mara 11 na ushee kwa mechi, wanawake mara 5 na ushee, karibu 6. Halafu wakaangalia ni wangapi walikuwa wameumia kweli, yaani damu inaonekana au katoka ndani ya dakika 5. Wanaume asilimia 7 hivi, wanawake karibu 14. Wanaume wanalala mara mbili, na sehemu ya walioumia kweli kati yao ni nusu tu ya ile ya wanawake! Dada mmoja nilimsomea hizi namba kijiweni kwenye kahawa akasema yeye hashangai, kwake mwanaume akipata mafua nyumba nzima inahamia chumbani.

Dawa ya kulala imepatikana sehemu, na haina hata maneno mengi. Ligi ya Marekani, MLS, mwaka 2024 waliweka kwamba mchezaji akilala zaidi ya sekunde 15 na daktari akaingia, basi akitoka anakaa nje dakika 2 kamili. Kuna waliosamehewa, kama aliyeumia kichwa, kipa, na aliyechezewa faulo ya kadi, maana ingekuwa uonevu mtu kavunjwa halafu timu yake ndo icheze pungufu. Uzuri wake ni kwamba refa hahitaji kujua kama unadanganya. Hamshitaki mtu. Anasema tu umeumia? pole sana, kapumzike dakika 2. Kama umeumia kweli dakika 2 zinakufaa, kama unazuga utaona mwenyewe uamuzi wako. England nao msimu wa 2023/24 waliweka sekunde 30 za kukaa nje, kitu kilekile kwa kipimo kidogo. Na Kombe la Dunia la Qatar 2022 marefa chini ya Pierluigi Collina, mkuu wa marefa wa FIFA, waliamua kurudisha muda wote uliopotea, England na Iran wakacheza dakika 27 za nyongeza ukijumlisha vipindi vyote viwili (kipa wa Iran alikuwa kaumia kichwa kweli, sio kuzuga), watu tukalalamika chakula kinapoa lakini ujumbe ulifika, ukilala unaongeza tu safari.

VAR sasa, yaani refa msaidizi wa video. Watu wengi walidhani ikija VAR kujiangusha kutakufa siku hiyohiyo, na kwa ndani ya boksi kweli imepunguza utamu. Neymar 2018 kule Saint Petersburg dhidi ya Costa Rica, alijilaza nyuma beki alipomgusa, refa Björn Kuipers akatoa penati, akaenda kwenye televisheni, akaifuta. Safi. Lakini hakumpa kadi ya kujiangusha! Yaani umekamatwa na mzigo halafu unaambiwa urudishe mzigo tu uende. Bodaboda yetu ileile. Kama ukishikwa unarudi sifuri na usiposhikwa unapata penati, kwanini usijaribu kila ukiingia boksi? Na VAR haihusiki na faulo za kawaida za katikati ya uwanja, ambako maigizo ya kutafutia mwenzako kadi ya njano bado yako palepale. Na mechi nyingi ninazoziangalia mimi kwa macho yangu, za mchangani na za ligi za chini, VAR yake ni mzee wa nyuma ya goli na redio mkononi.

Kwa hiyo turudi kwenye kitu ambacho mi naona ndo mzizi na hakizungumzwi. Tunauliza kila siku tumwadhibuje anayeanguka, hatuulizi anayebaki amesimama anapata nini.

Nilikuwa na miaka 16, nacheza winga ya kulia timu moja ya mtaani Temeke, siitaji jina. Nusu fainali, mpinzani wangu kanishika jezi kuanzia katikati ya uwanja, na nilikuwa mbishi, nikakaza, nikaburuta yeye na jezi, nikafika nimechoka nikapiga shuti la bibi kizee. Refa kimya. Ile narudi kocha akanidaka na shati langu lililochanika mpaka kwapani, "We umezaliwa lini? Ukishikwa lala!" Nikamwambia kocha, lakini nilikuwa natoka naye. Akasema ulitoka naye ukaenda wapi? Sikuwa na jibu na mpaka leo sina, maana alikuwa sahihi. Kipindi cha pili nikashikwa tena kidogo tu, nikalala, faulo, tukapata bao. Kuanzia pale ningefundishwa nini kingine?

Wachezaji wa kulipwa nao ndo wamejifunza hivyohivyo. Beki anakukwatua, unayumba, unapoteza nafasi, unakaza usianguke, refa anasema "amecheza, hakuanguka", wakati sheria haijaandika mahali popote kwamba faulo lazima mtu afike chini. Anguko limekuwa ndo risiti. Bila risiti huna madai. Na matokeo yake hata mchezaji mkweli aliyechezewa faulo halali inabidi aanguke kwa sanaa ili aaminike, na hapo tena ndo anafanana na mwongo, na refa anazidi kuchanganyikiwa. Mwanasaikolojia mmoja wa Chuo Kikuu cha Portsmouth kule Uingereza, Paul Morris, alionyesha kwamba mtu anayeanguka kweli mikono inashuka kumlinda asigonge chini au inatanuka kutafuta mizani, wakati mwigizaji anarusha yote miwili juu, kifua mbele, magoti yamekunjwa, mkao ambao mwili wenyewe hauwezi kuufanya bila kuamriwa. Lile umbo la winga wetu wa Tandika kabisa. Lakini mi nimeshaona watu wamekwatuliwa kweli na bado wakarusha mikono juu, kwa sababu wanajua refa anasoma mikono.

Na kusema ukweli uwanjani nako hakusaidii sana. Machi 1997 Robbie Fowler wa Liverpool alimruka kipa David Seaman wa Arsenal, akaanguka, refa akatoa penati, Fowler mwenyewe akaamka akamwambia refa hapana hajanigusa, refa akakataa! Ikapigwa, Seaman akaipangua, McAteer akamalizia, bao. Mtu kakataa zawadi na bado kapewa.

Ningekuwa na kauli kwa wenye mpira wetu, TFF na Bodi ya Ligi, ningeanzia hapo kabla ya adhabu. Marefa wafundishwe na wapimwe kwa faulo walizotoa kwa mchezaji aliyebaki wima, ihesabiwe, ionekane kwenye ripoti. Halafu ndo uje kwenye adhabu, na Kamati ya Saa 72, ile inayopitia matukio ya mechi za ligi, tunayo tayari, kila wiki tunasoma timu fulani imepigwa faini kwa kuingia uwanjani kwa mlango usio rasmi kwa sababu za kishirikina, mechi zinaonyeshwa Azam, kamera zipo, kama muda wa kuchunguza nani kapita mlango gani unapatikana basi na wa kuchunguza penati ya uongo upo. Na wakipata mtu wasimfungie yeye peke yake, kocha na timu vihusishwe, maana bao halikuwa lake mwenyewe. Ile ya dakika 2 za MLS sisi hatuwezi kuamua wenyewe, sheria ni za dunia na mabadiliko yanaombewa kibali, lakini kuongeza muda uliopotea hakuhitaji kibali cha mtu, kunahitaji refa mwenye saa na moyo wa kusimama dakika 12 mbele ya benchi linalomtukania mama yake.

Jumapili nilipita uwanja wa pale mtaani, watoto wa chini ya miaka 17 wanacheza, vumbi tupu, refa ni kijana tu, simjui. Dogo mmoja winga akapita na mpira, akashikwa jezi, akakaza, akaendelea kama hatua nne hivi, akapoteza mpira, na filimbi ikalia. Refa akaurudisha mpira pale alipoanza kuvutwa. Uwanja wote tukanyamaza. Yule dogo kasimama wima, jezi imemning'inia begani, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, halafu akamuuliza refa kwa upole kabisa, "Samahani, yetu hii?"